Usiziruke hizo wiki mbili za utambulisho: zilinigharimu mwaka mzima Uturuki

Mleta mada, umeandika kwamba umepata nafasi ya shahada ya kwanza Eskişehir, kwamba chuo kimekualika ufike Septemba kwa wiki mbili za kuwatambulisha wageni maisha na utamaduni wa Waturuki, na kwamba wakala wako wa Dar es Salaam anakushauri uziruke, uingie masomo yakianza ili uokoe kodi ya mwezi mmoja. Umeuliza pia kuhusu koti la baridi, chakula na kazi za muda, lakini hayo yana nafasi yake. Nakuomba usiziruke hizo wiki mbili. Mimi niliziruka mwaka 2014 katika mji huohuo, kwa ushauri wa wakala aliyeniambia karibu maneno hayohayo unayoambiwa wewe leo.

Aliniambia kwamba ni ngoma, picha na chai za bure, mambo ya watalii, na kwamba mwanafunzi makini hana haja nayo. Hadi leo nikikumbuka sentensi ile napandwa na hasira, kwa sababu mtu yule alipokea ada yake yote kabla sijapanda ndege, na siku nilipompigia simu nikiwa na mkono uliovunjika alinijibu kwamba kazi yake iliishia uwanja wa ndege. Hajawahi kuishi Uturuki hata wiki moja. Anayekushauri uruke kitu ambacho hata yeye hakijui hakuokolei pesa, anajiondolea usumbufu wa kubadilisha tarehe ya tiketi.

Nilichokikosa nilikuja kukielewa baadaye kwa wenzangu waliofika mapema. Ngoma zilikuwepo, ndiyo, tena jioni moja tu. Sehemu kubwa ilikuwa watu: kila mgeni alikutanishwa na mwanafunzi mmoja Mturuki, wakazunguka naye ofisini kupata namba ya mlipakodi, kusajili anwani na kuanza ombi la kibali cha ukaazi. Walielezwa kwamba simu iliyotoka nje hufungiwa mtandao baada ya siku 120 isiposajiliwa na kulipiwa ushuru. Sikukuu ya kuchinja, ambayo wao huiita Kurban Bayramı, iliangukia tarehe 4 Oktoba mwaka ule, na wale wenzangu walialikwa majumbani, wakafundishwa kuubusu mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso, jambo ambalo mtoto aliyelelewa na shikamoo haoni ugumu wowote kulielewa. Mimi nilitua katikati ya Oktoba, nikaingia kwenye fleti ya vijana wanne wa kwetu, nikaanza kuongea Kiswahili kutwa.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonigharimu kuliko yote. Mwanafunzi wa kigeni anayejilipia ana haki ya kuomba bima ya afya ya serikali, ile ya SGK, yaani taasisi ya hifadhi ya jamii ya Uturuki, ndani ya miezi 3 tangu aandikishwe chuoni kwa mara ya kwanza, na asipoomba ndani ya muda huo hupoteza haki hiyo kwa kipindi chote cha masomo yake. Wenzangu walipelekwa na wenyeji wao mpaka dirishani. Mimi sikujua hata kwamba dirisha hilo lipo. Nilikuwa na bima ya binafsi ya bei ya chini kabisa, niliyoinunua ili tu nipate kibali. Miezi yangu mitatu ilikwisha katikati ya Januari 2015. Mwezi wa Februari, theluji ikiwa imeganda kando ya mto Porsuk, niliteleza asubuhi nikienda kupanda tramu, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Bima yangu haikugharamia karibu chochote. Nilifungwa hogo na kulipa kwa pesa ambayo baba alikuwa ametuma kwa ajili ya ada ya muhula uliofuata, nikaupoteza muhula ule, na kwa kuwa mtihani wa Kituruki niliukosa kwa mkono ule ule, nikarudia mwaka wa lugha, ule wa kujifunza Kituruki kabla ya masomo yenyewe. Baba hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Lakini kuna hasara nyingine isiyo na risiti. Mwanzoni mwa Novemba 2014 mtu aligonga mlango wetu. Nilipofungua nikamkuta mama wa makamo wa ghorofa ya chini, ameshika kwa mikono miwili bakuli la kioo lenye uji mzito wa rangi ya asali, juu yake zimepangwa punje za komamanga, kokwa za jozi zilizotwangwa na mdalasini. Alisema maneno marefu nisiyoyaelewa, akanisogezea bakuli. Nilidhani anauza. Nikatikisa mkono, nikasema hapana kwa Kiingereza, nikafunga mlango, nikasikia ndara zake zikishuka ngazi polepole.

Ile ilikuwa aşure. Katika mwezi wa Muharram, kuanzia siku ile tunayoiita Ashura, Waturuki hupika ngano pamoja na dengu, maharage, tini na aprikoti zilizokaushwa, kisha hugawia majirani mlango kwa mlango bila kuuliza nani ni nani. Mimi, Mwislamu wa Tanga, nilimfungia mlango mama aliyeniletea chakula cha Ashura. Baada ya hapo hakuna aliyegonga tena, na nilikaa miezi katika jengo lile nikiamini kwamba Waturuki ni watu wakavu.

Kumbe nilikuwa nawasoma vibaya karibu kila siku. Mwenye duka alipoinua nyusi na kutoa sauti fupi ya ulimi, nilidhani amenisonya, nikaondoka nimenuna. Kwao ile ni “hapana” ya kawaida kabisa. Nilipita mbele ya mafundi na wafagiaji kimya kimya, wakati wao husema “kolay gelsin” kwa yeyote aliye kazini, na hiyo ni “pole na kazi” yetu tupu. Tunao hata msamiati wa kuanzia, kwani kitap, kalem, defter, dakika, haber na sabun humhitaji Mswahili asogeze sikio kidogo tu. Neno misafir kwao humaanisha mgeni aliyekuja nyumbani kwako. Kwa mtu anayetoka kwetu, utamaduni ule hauko mbali hata kidogo. Unahitaji mtu wa kukushika mkono hatua za kwanza, na ndiyo maana ya zile wiki mbili.

Mwaka uliofuata niliomba kwa barua nihudhurie utambulisho pamoja na wapya, nikakubaliwa. Nilipangiwa kijana wa Kituruki, na jambo la kwanza nililomwomba ni kuniandikia maneno ya kumwomba radhi jirani. Nilishuka ngazi nikavua viatu mlangoni, mama yule akanipa ndara za wageni, akanimiminia kolonya, yale manukato yao ya kupaka mikononi, viganjani, akaniwekea chai moja baada ya nyingine mpaka yule kijana akanionyesha kwamba aliyetosheka hulaza kijiko juu ya bilauri. Oktoba 2015 aligonga tena na bakuli lile lile. Nilikuwa nimeshafundishwa kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, nikakirudisha na maandazi ya iliki. Alionja moja palepale mlangoni, akasema hii ni pişi, ila ya kwenu ina harufu nzuri zaidi.

Mdogo wangu, mpigie wakala wako leo abadilishe tarehe. Akikwambia tiketi itaongezeka bei, lipa.