Karafuu maiti kwenye shamba la lavenda

Mwaka wangu wa kwanza Manosque, nilipanda uwanda wa Valensole mwezi wa saba nikarudi na picha mia nne na ushei. Mistari ya zambarau, mti mmoja peke yake, machweo. Nilipozifungua nyumbani nikaona kalenda ile ile inayouzwa kila duka hapa kusini mwa Ufaransa, ila zangu zimepinda kidogo. Na daftarini nilikuwa nimeandika maneno matatu: "Harufu nzuri sana."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniudhi kuliko picha. Mimi nimekulia Pemba, msimu ukifika karafuu zinaanikwa kwenye majamvi mpaka pembeni mwa barabara. Mtu wa kwetu hawezi kukutana na harufu akasema "nzuri sana" kisha akaenda zake.

Kusema kweli neno nilikuwa nalo, nikalifuta. Nilipokaribia kiwanda kidogo cha kukamulia mafuta, mvuke uliponipiga usoni, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa karafuu maiti. Nikaona haya. Nani amwelezee msomaji lavenda ya Provence kwa harufu ya msiba? Ilichukua miezi kabla mkulima mmoja hajanifungua macho. Alisema sehemu kubwa ya ninachokiona Valensole ni lavandini, chotara wa lavenda halisi na ndugu yake aitwaye aspic. Lavandini hustahimili nyanda za chini na hutoa mafuta mengi. Lavenda halisi hupenda milima, kuanzia kama mita 800 kwenda juu, na harufu yake ni laini zaidi, kwa sababu lavandini ina kafuri nyingi. Kafuri ndiyo hiyo hiyo karafuu maiti. Pua yangu ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Kwa hiyo siku hizi kamera haitoki mkobani kabla sijaandika neno la kwanza lililonijia, kwa Kiswahili, hata likiwa la aibu. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, na ufanye kabla hujasoma kibao wala kipeperushi cha watalii. Ukishasoma "harufu maridadi ya jua la kusini," basi, umekwisha, hutanusa tena.

Akiba ya maneno tunayo. Chukua mafuta mapya ya zeituni, yale yanayokamuliwa Novemba na Desemba. Onja kijiko kimoja bila mkate. Kwanza yanakuja majani mabichi, kama umetoka kufyeka nyasi. Unameza, unadhani yamekwisha, halafu yanakukereketa kooni mpaka unakohoa. Wenyeji hawayaonei aibu, wanayasifia, na wana neno lao, ardence. Sisi tumekuwa na kukereketa miaka yote. Zeituni iliyochumwa mtini nayo usiijaribu, au ijaribu mara moja tu kwa ajili ya daftari: ni chungu, na ukakasi wake unazidi wa ndizi mbichi.

Sasa picha. Picha haina pua, kwa hiyo tafuta mahali harufu inapotoka. Mimi niliacha mistari ya zambarau nikahamia kiwandani. Mashina yanashindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke unapitishwa kutoka chini, kisha unapozwa kwenye bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi na kutoka kwa matone. Aliyewahi kufika kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi kwetu Pemba atadhani amerudi nyumbani, isipokuwa jambo moja: mafuta ya karafuu huzama chini ya maji, ya lavenda huelea juu. Ule mstari wa manjano juu ya maji ndio picha yangu ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule. Nyingine ni ya masalia ya mashina yakimwagwa, yangali yanafuka, na mzee kaegemea uma wa shambani anafuta miwani.

Mchana acha kamera ipumzike. Saa saba rangi zote zimepauka na nyenje wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Hiyo ni saa ya kuandika sauti. Mwisho wa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Na mistral ikivuma, toka. Sisi wa pwani tunaojua kaskazi na kusi tutaielewa: upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini kwa bonde la Rhône na kufagia anga likabaki jeupe. Upepo haupigiki picha, lakini tazama minara ya makanisa ya vijijini, juu imewekwa kizimba cha vyuma badala ya paa, mistral ipite kengele zikiwemo ndani.

Kuhusu watu, nilikosea nikakosolewa. Sokoni nilimpiga picha muuza jibini bila hata salamu. Akafunika meza yake kwa kitambaa na kunigeuzia mgongo. Alikuwa na haki, maana sheria ya Ufaransa inampa mtu mamlaka juu ya sura yake. Lakini nadhani kilichomuuma zaidi ni kukosa bonjour. Hapa bonjour ni hodi. Salimia, nunua kitu, zungumza, kisha omba.

Sasa nina mama mmoja ninayenunua kwake Jumatatu pale Forcalquier. Ananiuzia Banon, jibini ya mbuzi inayofungwa kwa majani ya mti uitwao châtaignier (chestnut kwa Kiingereza) na kamba ya rafia, mtu wa kusuka ukili ataitambua kwa mbali. Siku moja aliniruhusu nipige picha mikono yake tu. Chini ya picha sikuandika "mikono ikifungua jibini," kwani hilo kila mwenye macho analiona. Niliandika: "Jani linapasuka kwa sauti ya gazeti la zamani. Ndani jibini haikatiki, inatambaa. Harufu ya zizi asubuhi, baada ya mvua." Hapo picha inasema lake na maneno yanasema lake.

Mwaka jana nilimpelekea mama yangu Pemba kichupa cha mafuta ya lavandini kwa mkono wa mtu, sikumwambia ni cha nini. Alinipigia simu jioni ile ile, sauti ya chini.

"Mwanangu," akasema, "kafa nani?"