Mnunuzi Anayegeuza Bei Mlangoni

Katika kuuza vyombo vya nyumbani vilivyotumika kupitia mtandao hapa Dar es Salaam, nimejifunza kwamba anayeuliza "Bado ipo?" kisha akapotea hana madhara yoyote, na anayeomba apunguziwe anafanya tu wajibu wake. Anayehitaji mkakati ni yule mnayekubaliana friji shilingi 350,000 kwenye simu, kisha akafika na kirikuu na kudai mlangoni kwamba amebakiwa na 280,000 kwa sababu nyingine zimeishia kwenye usafiri.

Mtu huyo anategemea uchovu wako, kwani anajua umekwisha kulitoa friji nje na kwamba kulirudisha ndani ni kazi. Kwa hiyo, kifaa kisitoke ndani kabla ya malipo kukamilika, na kabla hajaanza safari mwandikie WhatsApp bei mliyokubaliana pamoja na kwamba usafiri ni juu yake. Akigeuka, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, kuna mwenzako anaisubiri kwa bei ileile," lakini lisiwe tishio tupu. Namba ya mteja wa pili iwepo kweli.

Malalamiko ya baada ya mauzo huzuiwa mapema zaidi. Kwenye tangazo, piga picha ya mpira wa mlango uliochanika kwa karibu kama unavyopiga picha ya upande unaong'aa, kisha siku ya mauzo liwashe friji saa kadhaa kabla, ili mnunuzi akute barafu na aishike kwa mkono wake. Mweleze pia kwamba likisafirishwa limelazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mirija, hivyo alisimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kulichomeka. Wengi hulichomeka papo hapo, halafu jioni wanapiga simu kwa ukali wakisema wameuziwa kopo. Maelezo hayo nayo yaandike, maana ya mdomo hukanushwa.

Kuhusu malipo, sina huruma. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kutungwa na mtu yeyote, na kuonyeshwa picha ya muamala kwenye simu ya mnunuzi si kulipwa. Kama unatumia M-Pesa ya Vodacom, piga *150*00# uangalie salio lako mwenyewe, hata kama dereva wa kirikuu anapiga honi na mnunuzi anakununia. Akidai baadaye kwamba alikosea akazidisha kiasi, usimrudishie kwa mkono wako, bali mwelekeze kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake, ambako muamala halisi hushughulikiwa. Ukibaini kwamba ni utapeli, tuma namba yake kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za aina hiyo, ndipo umzuie.