Viraka tisa vya kanga na robo inchi iliyonitoa jasho

Mfarishi wangu wa viraka umeanzia kwenye kasha la mama. Lilijaa kanga kuukuu: hii imechanika pindo, ile imebaki peke yake kwa kuwa mwenzake aligeuzwa mbeleko. Kuzitupa siwezi, kuzivaa hazivaliki.

Anza na kipande cha viraka tisa, vitatu kwa vitatu. Kanga kuukuu hazichuji tena, lakini ukichanganya na doti mpya uliyotoka nayo sokoni Darajani, ifue kwanza mpaka maji yatoke meupe. Kata boksi gumu liwe mraba wa inchi 4½, liweke juu ya kitambaa, zungushia chaki, kisha kata kwa kufuata nyuzi. Kiraka kilichokatwa mshazari kinavutika ovyo.

Sasa hapa ndipo nilipoumbuka. Nimeshona madera na sare za skuli miaka mingi, mkono umezoea kuacha nusu inchi kati ya ukingo na mshono. Nikakishona kipande cha kwanza hivyo hivyo, viwili vilivyofuata nikaacha robo. Kuviunganisha, havikutani! Kimoja inchi 11½, vyenzake 12½. Viraka vitatu vina inchi 13½, na mstari una mishono miwili. Ukiacha robo, kila mshono unakula nusu inchi, maana ni robo huku na robo kule. Ukiacha nusu, unakula inchi nzima. Nikakaa kufumua, mtu mzima na ufundi wake. Siku hizi nimebandika plasta kwenye chuma cha cherehani, robo inchi kutoka sindano ilipo, na ukingo wa kitambaa unapita hapo hapo.

Huna cherehani, au umeme umekatika? Chora mstari wa robo inchi kwa penseli, upande wa ndani, upige bandi ndogo ndogo, na kila baada ya inchi moja au mbili rudisha sindano nyuma mara moja. Ni polepole, ila mimi naona pembe za mkono hukaa vizuri zaidi.

Pasi usiiruke. Mstari wa kwanza wa viraka laza mishono kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Ukiiweka mistari uso kwa uso, mishono inapeana nafasi, na ukipapasa kwa kidole unajua kama imekutana. Kandamiza tu, ukiiburura pasi, kiraka kinapinda.

Na angalia jina la kanga kabla ya mkasi. Mimi nilikata USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, kiraka cha katikati kikabaki na NYOTA peke yake. Shangazi kila akija anauliza, "Nyota ya nani hiyo?"

Kila kipande kikishaunganishwa na vyenzake kinabaki inchi 12, kwa hiyo kitanda cha futi 6 kwa 6 kinataka vipande 36. Mimi niko cha 11.