Faili la bima kwa nyumba ya wapangaji wengi: ushauri kwa wenye nyumba wapya wa Mwanza

Mwenye nyumba anayekata bima kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi yake imekwisha akishalipa ada na kukabidhiwa hati ya bima. Kulipa ni lazima, kwa kuwa bila ada hakuna bima, lakini siku ya hasara kampuni hutazama yale uliyoyaeleza tangu mwanzo na yale unayoweza kuyathibitisha. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa mafaili haya pamoja na wenye nyumba wa Nyamagana na Ilemela, jambo linalobishaniwa zaidi katika nyumba ya kupangisha vyumba ni nani anaishi katika kila chumba na anafanya nini humo.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vinane huko Kirumba, karibu na mwalo, ambayo katika fomu ya maombi imeandikwa kuwa ni ya makazi tu. Mpangaji wa chumba cha nyuma ni mvuvi, na kila anaporudi kutoka ziwani huingiza chumbani mashine ya boti pamoja na dumu la petroli, kwa sababu akiviacha mwaloni vitaibiwa. Wa chumba cha mbele hukaanga samaki barazani kwa jiko la mkaa. Hakuna kosa katika kutafuta riziki, ila mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, na mambo kama haya hubadilisha kiwango cha hatari ambacho kampuni imekubali kukibeba. Ukiyaeleza mapema, huenda ada ikaongezeka kidogo, au ukapewa sharti la kujenga kibanda cha petroli mbali na nyumba. Ukiyaficha, madai yako yanaweza kukataliwa.

Kwa hiyo anza na daftari la vyumba. Kila mpangaji aandikwe namba ya chumba, jina, namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuingia, shughuli anayoifanya na aina ya jiko analotumia, kisha atie saini. Ambatanisha mikataba ya upangaji, na ndani yake ueleze wazi kwamba bima ya jengo hailipi godoro, televisheni wala nyavu za mpangaji. Nimeona majirani wema wakigombana vibaya kwa sababu neno hilo halikusemwa mapema. Kama unataka pia bima ya kodi utakayoikosa nyumba ikiwa haikaliki, utahitaji kuonyesha kodi iliyokuwa ikiingia. Wengi hupokea kodi kwa simu na kuufuta ujumbe, kwa hiyo omba taarifa ya miamala mara kwa mara na uihifadhi.

Wenye nyumba za wanafunzi kule Malimbe wana tahadhari yao ya pekee. Chuo kikifungwa vyumba hubaki vitupu, na mikataba mingi ya bima hupunguza au kusimamisha kinga nyumba ikikaa bila watu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30. Soma kifungu hicho, uitaarifu kampuni kwa maandishi, na umweke mlinzi ambaye malipo yake yana stakabadhi.

Kuhusu umeme, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA aukague mfumo wote na aandike ripoti yenye tarehe. Piga picha za swichi kuu, za soketi katika kila chumba na za paa kwa ndani, kwa sababu nyaya zilizoungwa kienyeji ili vyumba vingi vitumie mita moja ya LUKU ndizo zinazotiliwa shaka kwanza.

Thamani ya kukatia bima ni gharama ya kulijenga jengo upya, bila kiwanja. Jengo la kugharimu shilingi milioni 80 likikatiwa bima ya milioni 40, hasara ya milioni 20 yaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa kuwa nusu nyingine unahesabika kuibeba mwenyewe. Tumia mthamini aliyesajiliwa. Uliza pia kuhusu mafuriko na mmomonyoko: bima ya kawaida ya moto hubeba radi, lakini maji ya Mto Mirongo au jiwe linaloporomoka mlimani kwa kawaida huhitaji nyongeza inayolipiwa.

Umiliki usikuchukulie muda mrefu: hati miliki au leseni ya makazi inatosha, na kama nyumba ni ya urithi, ongeza barua ya usimamizi wa mirathi.

Nakala moja ya faili ikae nje ya nyumba hiyo. Mpangaji mpya akija na shughuli mpya, iandikie kampuni barua mara moja, bila kungoja bima ihuishwe, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.