Kinacholiwa ni fedha, si dhahabu

Umeuliza kama asidi ndiyo inayotoboa matundu kwenye dhahabu yenye vitundu vidogo mno. Hapana ndugu, asidi ya nitriki haitoboi dhahabu. Matundu yanatokana na fedha (ile metali, si pesa) iliyoondoka. Kuna njia mbili. Ya kwanza, unachanganya dhahabu na fedha kuwa aloi, kisha asidi ya nitriki inaila fedha na kuiacha dhahabu kama sifongo. Ya pili, ambayo kundi la Younan Xia wa Marekani lilianza kuitangaza mwaka 2002, unachukua chembe ndogo mno (za nano) za fedha zenye umbo tayari na kuzidondoshea chumvi ya dhahabu kwenye maji ya moto. Atomu 3 za fedha zinaondoka, 1 ya dhahabu inakaa, ndiyo maana ndani panabaki uwazi. Umbo linafuata kiolezo, yaani ile chembe ya fedha ya mwanzo: mchemraba unatoa kizimba, tufe linatoa gamba, waya unatoa mrija.

Nimeishika chupa ya njia hii ya pili maabara: tone baada ya tone, maji yanatoka njano mpaka buluu. Ukizidisha matone, vizimba vinavunjika.

Hiyo buluu ndiyo yenye thamani, maana chembe sasa zinanasa mwanga wa infraredi ya karibu (usioonekana kwa macho, jirani na mwekundu), unaopenya nyama ya mwili, na kuugeuza joto. Kutumia joto hilo kuua seli za saratani bado ni utafiti, si dawa ya hospitalini.