Maswali na majibu: jina la biashara yako likivuka mpaka

Nina cheti cha BRELA cha nembo yangu ya viungo, sasa nataka kupeleka Zanzibar na Oman. Niko salama? (Tanga)

Dada yangu, bado. Cheti cha BRELA, ofisi ya usajili wa biashara ya Tanzania bara, kinaishia huko huko bara, Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na Oman ni habari nyingine kabisa. Ukishapeleka maombi ya kwanza una miezi 6 ya kuomba nchi za nje ukahesabiwa tarehe ile ile ya kwanza, na hiyo miezi inahesabiwa toka siku ya maombi, sio siku ya cheti, watu wanakaa kusubiri cheti muda unaisha, inaniuma sana.

Lazima nitafute wakili kila nchi? (Mombasa)

Si lazima. Kenya iko kwenye Mfumo wa Madrid, mpango wa kimataifa wa kusajili nembo nchi nyingi, toka 1998, unapitia KIPI, ofisi ya nembo ya Kenya, fomu moja, unachagua nchi, ada ya msingi faranga 653 za Uswisi kwa nembo isiyo na rangi au 903 yenye rangi, na ada za nchi juu yake. Ila miaka 5 ya mwanzo usajili wa nje umeshikiliwa na ule wa nyumbani, wa nyumbani ukifutwa na wa nje unaanguka. Na jina liwe sawa herufi kwa herufi jamani, nimewahi kushika fomu imeandikwa "Enterprise" wakati cheti cha kampuni kina "Enterprises", herufi s moja tu ikatukwamisha wiki kadhaa.

Msambazaji wangu China kasajili jina langu kama lake! (Arusha)

Pole sana kaka. China anayewahi kuomba ndo mwenye nguvu. Kama ndo kwanza limetangazwa una miezi 3 ya kuweka pingamizi, kama limeshasajiliwa unaomba lifutwe ndani ya miaka 5, na aliyekuwa wakala wako hana ruhusa ya kujisajilia jina lako. Kusanya mkataba, ankara, karatasi za meli, hata meseji alizokuagizia mzigo, usifute kitu!

Disney wamechukua "Hakuna Matata", tusiseme tena? (Nairobi)

Semeni tu. Waliomba Marekani 1994, wakapewa 2003, kwa fulana, kwahiyo tahadhari ni kwa anayeuza fulana kule. Kilichonifurahisha mimi ni kikoi: kampuni moja Uingereza iliomba kusajili "Kikoy", watu wa Kenya wakaweka pingamizi na kampuni ikaachana na maombi. Kule dirisha la kupinga ni miezi 2 toka kutangazwa, na waliopinga kikoi waliwahi.