Likizo Ugiriki: mmeuliza, tunajibu

Maswali kuhusu Ugiriki yamekuwa mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Mimi na mume wangu tuna siku kumi. Tunataka Athens, Mykonos, Santorini, Krete na Rhodes. Itawezekana? (Dar es Salaam)

Itawezekana, dada, ila likizo yote itaishia melini na kwenye foleni za bandarini. Kwenye ramani visiwa vinaonekana vimebanana. Lakini kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Santorini meli ya kawaida hutumia kama saa nane, na ya kwenda Heraklion kule Krete mara nyingi husafiri usiku kucha. Rhodes ndiyo mbali kabisa, jirani na Uturuki.

Halafu kuna meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma hasa Julai na Agosti. Mbingu safi, jua kali, na bahari imechafuka. Ukizidi, mamlaka za bandari huzuia meli kuondoka, na boti za kasi ndizo huzuiwa mwanzo. Mkiwa na visiwa vinne kwenye ratiba, siku moja ya upepo inaharibu buking zote zinazofuata.

Kaeni Athens siku tatu, kisha kisiwa kimoja. Viwili, kama roho haitulii. Mimi ningeenda Naxos: kikubwa, kina wakulima wake wa viazi na watengeneza jibini, na kwa kawaida bei zake ni nafuu kuliko za Santorini. Ufuo wa Agios Prokopios una mchanga wa kweli. Jioni watu hutembea hadi Portara, lango refu la marumaru la hekalu ambalo halikumalizwa kujengwa, kutazama jua likizama, na hakuna kiingilio. Santorini ni nzuri, sibishi, lakini ile miji myeupe ya kwenye picha iko juu ya jabali. Kuogelea ni upande wa pili, Kamari au Perissa, kwenye mchanga mweusi wa volkano.

Usiku wa mwisho kabla ya ndege mlale Athens. Hili msilifanyie mjadala.

Twende mwezi gani? Watoto wamezoea bahari ya Mombasa. (Nyali)

Septemba. Mei ni tulivu na maua yamejaa, lakini maji huwa kama nyuzi 19 na wanao watatoka wakitetemeka. Kufikia mwisho wa kiangazi hupanda hadi 24 au 25. Najua shule haziwasubiri. Basi iwe Agosti baada ya tarehe 15, kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Bikira Maria na Wagiriki wenyewe hufurika visiwani.

Kitakachowashangaza watoto ni kwamba maji kupwa na kujaa hakuonekani sana. Bahari haiendi popote. Asubuhi ipo pale, jioni ipo pale, mnaogelea saa yoyote. Wachukulieni viatu vya majini, maana fuo nyingi ni za kokoto, na kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mnaowajua.

Nina pasipoti ya Tanzania na green card ya Marekani. Bado nahitaji viza? (Houston)

Ndiyo, kaka. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo, zinaangalia pasipoti. Green card inakusaidia kuomba hukohuko unakoishi na kuonyesha kwamba una pa kurudi, basi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Usinunue tiketi isiyorejeshwa pesa kabla viza haijatoka, hata wakala akikuambia ofa inaisha leo.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini? (Muscat)

Athens mtapata halali kwenye mitaa ya wahamiaji, na tangu Novemba 2020 kuna msikiti rasmi eneo la Votanikos. Visiwani msiitegemee sana. Nyama ya gyros (inayozungushwa motoni) na souvlaki (mishkaki yao) mara nyingi ni nguruwe: kwenye menyu ni *choirino*, na kuku ni *kotopoulo*. Lakini hii ni nchi ya mafuta ya zeituni, maharage makubwa ya kuoka, dengu, mboga za majani za kuchemsha na samaki. Samaki huuzwa kwa kilo. Nenda mwenyewe kwenye barafu, mchague, apimwe mbele yako, uambiwe bei kabla hajafika jikoni. Anayeona haya kuuliza hujuta bili ikija.

Nitakuwa na mama yangu, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Akropoli ataiweza? (Kigali)

Shikamoo yetu imfikie. Njia ya kupanda kilima hicho cha mahekalu ya kale ina mwinuko, na marumaru yake yamelainishwa na miguu ya karne nyingi hadi yanateleza. Kuna lifti ya wenye shida ya kutembea, iliyowekwa mwaka 2020; ulizeni mapema utaratibu wake. Tiketi, euro 30 tangu Aprili 2025, huwa na saa yake: chukueni ya saa mbili asubuhi. Wakati wa joto kali serikali imewahi kufunga eneo lote mchana. Asipojisikia, mpelekeni Makumbusho ya Akropoli hapo chini. Kuna lifti, kuna kiyoyozi, na kutoka ukumbi wa juu analiona hekalu la Parthenon kupitia kioo.

Je, pwani tunalipia? (Arusha)

Ufuo ni wa umma. Mnalipia viti na miavuli tu. Tandikeni taulo lenu pembeni, hakuna wa kuwafukuza. Malipo yanayosahauliwa ni ada ya serikali kwa chumba: Aprili hadi Oktoba ni kati ya euro 2 na 15 kwa usiku, kutegemea nyota za hoteli. Mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni. Hudaiwa mapokezi.